Kingi Tatu za Elijah

"Napita," Elijah alisema, akagonga meza kwa kidole.

Alexander, mtu wa baa, akacheka na kusukuma katikati maharagwe ishirini. "Mzee leo mkono mzito! Haya, tupa karata basi."

Elijah hakutupa. Aliyatazama yale maharagwe kama mtu anayesoma bili, kisha akasukuma yake yote. Kicheko cha Alexander kikakatika. Alikuwa ameshaweka mengi, kurudi nyuma hawezi. Karata zilipofunuliwa, saba tatu za Elijah zikameza esi mbili zake. Akainuka, akaenda kufunga begi.

Wakabaki wawili: Elijah, mhudumu wa meza kwa miaka kumi na tisa, na Kimeu, mtunza bustani. Ukumbi wa kulia chakula ulikuwa mtupu, viti vimepinduliwa juu ya meza. Tangu watalii wakatike mwaka uliotangulia, hoteli ile ya porini nje ya Voi ilikuwa imepunguza watu hadi wakasalia watatu. Juzi msimamizi, Bwana Fuad, alisema Jumatatu ataacha mmoja tu wa kulinda majengo. "Nani abaki, elewaneni wenyewe," alisema, akapanda gari lake.

Siku mbili hawakuelewana. Alexander alitaka wavute njiti za kiberiti, Kimeu akakubali. Ni Elijah aliyesema wacheze poka, kila mmoja na gunia dogo la maharagwe; atakayeyakusanya yote ndiye abaki. Aliujua mchezo huo. Alijifunza akiwa amesimama nyuma ya wageni na sinia mkononi, usiku baada ya usiku. Karata mbili zako, tano za wote mezani. Aliona kwamba mwenye karata nzuri akianza kwa kelele, wenzake hutupa zao. Lakini akipita, yaani akikaa mchezoni bila kuweka kitu, mwenzake hujiona shujaa, huweka, na hapo ndipo unampandishia dau. Hivyo ndivyo alivyomkamata Alexander.

Maharagwe yao sasa yalikuwa sawasawa, kwa kuwa Kimeu naye alishachuma mengi kwa Alexander mapema. Kimeu aligawa. Elijah akainua ncha za karata zake: kingi mbili. Kila mmoja akaweka kidogo. Zikashuka tatu za mezani: kingi mweusi, kopa saba, kopa mbili.

Kingi tatu. Elijah alihisi joto likimpanda shingoni. Akilini alimwona Wendy, binti yake, akirudi shuleni muhula ujao na sanduku jipya. Akagonga meza.

"Napita."

Akangoja Kimeu aweke.

Kimeu alijikuna goti. Mikono yake ilikuwa bado na udongo, ingawa maua hakuna aliyeyatazama tena. Aliangalia karata, akamwangalia Elijah, akaangalia karata tena.

"Na mimi napita," akasema taratibu.

Karata ya nne ikashuka bure, bila mtu kuilipia. Kopa kumi.

Sasa Elijah akaweka, tena mengi, kwa haraka ya mtu anayeona mlango unafungwa. Kimeu alivuta pumzi, akasukuma gunia lake lote. Elijah alijua Kimeu ameshatimiza kopa zake. Mkono ukasukuma yake yote hata hivyo. Kingi tatu utazitupaje? Ya tano ikawa jeki wa jembe, haikumsaidia mtu.

Kimeu alifunua kopa nne na kopa tisa. Karata tano za kopa hupiga kingi tatu.

"Pole, mzee wangu," alisema, na sauti yake haikuwa na furaha. "Ungeweka hata kidogo pale mwanzo, ningetupa. Mimi nikiwekewa, huogopa."

"Najua," alisema Elijah.

Na kweli alijua, miaka yote hiyo. Alexander ni mtu wa kuweka, mbele ya huyo unapita. Kimeu si mtu wa kuweka. Alimchezea Kimeu hila iliyomfaa Alexander.

Jumatatu mchana alifika kwake Mbololo, begi begani. Mkewe Loise alikuwa akipalilia mihogo. Alimwona, akatupa jembe, akaja akijifuta mikono kwa leso.

"Baba Wendy! Mbona hukutuma salamu? Wamekupa likizo?"

Elijah alifungua mdomo.

"Siku ngapi safari hii? Usiniambie tatu. Ile ya mwisho ulikaa tatu, hata uchovu haukukutoka."

"Safari hii ni nyingi kidogo," alisema.

"Mungu ni mwema." Alimpokea begi, akashangaa uzito wake, lakini hakuuliza. "Kaa hapo kivulini. Usifanye kitu."

Akazunguka nyuma ya nyumba. Elijah alikaa kwenye kigoda, mikono mapajani. Akasikia vifaranga vikitawanyika, miguu ya Loise ikikimbia huku na huku, kisha kuku mmoja akapiga kelele akiwa ameshashikwa. Angeweza kumwita amwambie kazi imekwisha. Kisu kilinolewa kwenye jiwe, taratibu, mara mbili, mara tatu.