Kaa wa Moto

Mhudumu alimvutia Bi Yuezhen kiti, akapanga bakuli mbili za kaure.

"Shangazi, tumsubiri mwenzako?"

"Mwenzangu nimemzika mwezi wa tatu. Lete kaa."

Miaka thelathini na nane, kila kaa wanaponona, alikuja na mumewe kwenye mgahawa huu wa kifahari. Mzee Gu alijifanya hajui kumbambua kaa, kwa hiyo Yuezhen ndiye aliyembambulia, huku wa kwake akipoa sahanini.

"Hata siku moja sijala kaa wa moto kwa sababu yako!" alimfokea kila mwaka. Mzee alicheka tu, mdomo umejaa.

Leo kaa aliletwa akifuka mvuke. Yuezhen alivunja miguu, akachokoa nyama yote, akaijaza kwenye gamba na kuimwagia siki ya tangawizi. Alipoinua macho, gamba lilikuwa ng'ambo ya meza, mbele ya kiti kitupu. Alikuwa amelisukuma mwenyewe.

Mhudumu alinyoosha mkono. "Nikusogezee, shangazi, ule nyama ingali ya moto?"

"Iache ipoe kwanza," Yuezhen alisema. "Ya moto sijui kuila."