Kona Arobaini na Nane za Bortolo Zanin

Kwa miaka thelathini na mmoja Bortolo Zanin aliendesha mabasi ya abiria katika mabonde ya Belluno, na kwa muda wote huo hakuwahi kuufikiria mguu wake wa kushoto. Mguu wa kushoto kazi yake ni klachi: unakanyaga, unaachia, unakanyaga, unaachia, mchana kutwa, wala mwenyewe huna habari nao. Aliufikiria alipoukosa. Mwaka uleule aliostaafu, akiwa msituni anakata kuni za majira ya baridi, gogo la msonobari lilibingirika likambana mguu huo kwenye jiwe. Madaktari wakaukata chini ya goti.

Alipewa mguu wa bandia, akajifunza kutembea nao kwa msaada wa fimbo. Lakini gari lake lilikuwa la gia za mkono, nalo likabaki uani chini ya turubai mpaka paka wa jirani akazalia juu yake. Ivana, mkewe, hakujua kuendesha. Basi kwa miaka miwili mizima, ikiwa ni hospitali, ikiwa ni sokoni, ikiwa ni mazishini, aliyewapeleka ni Fausto, kaka yake Ivana, mstaafu wa posta aliyeendesha gari kana kwamba amebeba mayai kwenye paja.

"Funga mkanda, shemeji," Fausto alikuwa akimwambia kila safari. "Leo wewe ni abiria."

Utani uleule, kila safari. Bortolo alicheka mara ya kwanza tu.

Majira ya kuchipua yalipofika, alikwenda mbele ya jopo la madaktari bila kumwambia mtu. Wakampima macho, wakampima nguvu, wakamrudisha barabarani na mtahini pembeni yake kama kijana wa miaka kumi na minane. Akarudi nyumbani na leseni yenye sharti moja: magari ya otomatiki tu.

Fausto aliishika ile leseni, akaigeuza huku na huku. "Otomatiki nayo ni udereva? Gari linajibadilishia gia lenyewe, wewe umekaa kama bibi harusi!"

Ivana alimrushia kitambaa cha kufutia vyombo, kikampata usoni.

Mwezi Julai, Elda, dada yake Bortolo, alikuwa anatimiza miaka sabini huko Bormio. Kufika Bormio kuna njia ndefu ya kuzunguka mabondeni, na kuna njia ya kupanda mlima wa Stelvio, yenye kona kali. Bortolo alisema wanapanda Stelvio. Pale kwao Feltre hakukuwa na gari la otomatiki la kukodi, kwa hiyo alipiga simu Bolzano, akaweka oda ya gari dogo, otomatiki, siku nne. Aliirudia "otomatiki" mara tatu kwenye simu. Fausto naye akajialika. "Lazima awepo mtu wa kupokea usukani ukichoka," alisema.

Wakapanda treni alfajiri, na saa tatu asubuhi walikuwa mbele ya kaunta. Msichana wa pale, aliyevaa kibandiko cha jina, Nives, alitazama kompyuta, akatazama tena, kisha akakunja uso.

"Baba, kuna tatizo dogo. Gari lako mteja wa jana hajalirudisha. Lakini nina jingine zuri kulishinda hilo, jipya kabisa, ila ni la gia za mkono."

"Binti yangu, hilo siliwezi."

"Ni jepesi sana, baba. Ukishazoea…"

Bortolo aliinua fimbo yake, akajigonga mguu wa kushoto mara mbili. Ko, ko. Mashavu ya Nives yakaiva.

Hapo Fausto akasogea kaunta, amejaa tele. "Basi mambo yamekwisha! Lete karatasi za hilo la gia, nitasaini mimi. Nitawapeleka polepole kwa njia ya chini, jioni tumefika. Shemeji, wewe kaa nyuma na Ivana, mfurahie mandhari."

 Ingekuwa rahisi kukubali. Mkono wa Fausto ulikuwa umeshaifikia kalamu. Bortolo alimtazama mkewe. Ivana aliuchukua mkoba wake kutoka juu ya kaunta, akauweka begani, kama mtu aliyekwisha amua kuwa ikibidi watarudi Feltre kwa miguu.

"Binti," Bortolo alisema, "katika uwanja wako wote huu, hakuna otomatiki hata moja?"

Nives alisita. "Iko moja. Lakini baba, haitakufaa. Asubuhi hii peke yake wateja watatu wameikataa."

"Ina ugonjwa gani?"

"Haina ugonjwa. Ni basi dogo. Viti tisa. Ni refu, ni pana, na ninyi mko watatu. Na ukisema mnapanda Stelvio…" Hakumaliza.

Bortolo alianza kucheka. Alicheka mpaka akaegemea kaunta, na Nives, bila kujua sababu, akacheka pia.

"Binti yangu, mimi nimeendesha la viti hamsini na mbili, theluji ikianguka, watoto wa shule wanatapika nyuma. Ng'ombe haelemewi na nunduye. Lete ufunguo."

Lilikuwa jeupe, refu kama sentensi ya wakili. Bortolo alilizunguka taratibu, akagusa kila tairi, akapanda, akavuta kiti, akapanga vioo vya pembeni kimoja kimoja. Mguu wa bandia aliuweka kando, ukatulia. Wa kulia aliuweka kwenye breki. Alipousogeza mkono wa gia na gari likaanza kwenda, laini, bila kumdai chochote upande wa kushoto, Ivana alimwona akipumua kama mtu aliyetua mzigo wa kuni.

"Mbona huongei?" mkewe alimuuliza walipokuwa katikati ya mashamba ya tufaha.

"Naendesha," alijibu, na lile neno lilimkaa mdomoni vizuri sana.

Upande ule wa Stelvio una kona arobaini na nane, zote zimewekewa namba, na unavyopanda namba zinapungua. Bortolo alizila moja baada ya nyingine. Kabla ya kila kona alitazama juu kuona nani anashuka, akajitanua nje, akaukata usukani kwa mkupuo mmoja tu, na lile basi likageuka bila kuguna. Fausto, kiti cha nyuma, alikuwa ameshika mpini wa mlango kwa mikono miwili na amesahau utani wote aliokuja nao.

Kwenye kona ya ishirini na mbili mambo yakaharibika. Gari kubwa la kulala ndani, la Mholanzi mmoja na mkewe, lilikuwa likishuka, likaikata kona vibaya. Pua lake likakwama karibu na ukuta wa mawe upande wa mlima, na mkia ukaziba njia yote. Mholanzi aliogopa kurudi nyuma. Nyuma kulikuwa na bonde. Chini yake yalikuwa yamesimama magari mawili madogo, kisha Bortolo, kisha pikipiki kama kumi. Ili Mholanzi apate nafasi ya kujinasua, yale magari mawili yalipaswa kushuka kinyumenyume, nayo hayangeweza, kwa sababu lile basi jeupe lilikuwa limejaa barabara nzima kama kizibo.

Honi zikaanza. Mwendesha pikipiki mmoja, amevaa kofia nyekundu, aligonga kioo cha Bortolo.

"Mzee, inabidi urudi rivasi mpaka kona ya chini, na kuizunguka. Shuka, nikurudishie mimi."

"Asante, mwanangu," Bortolo alisema. "Sogeza pikipiki zenu tu."

Fausto aliruka chini, akakimbilia nyuma, akaanza kupunga mikono. "Njoo! Njoo! Njoo! Simama! Simama, we! Njoo kidogo!"

Bortolo alitoa kichwa dirishani. "Fausto! Toka hapo. Kwenye kioo nakuona wewe tu, barabara siioni."

Watu wakacheka, na Fausto akajisogeza ukutani.

Bortolo akaweka rivasi. Barabara ilikuwa imeinama, na basi likataka kushuka lenyewe kwa pupa. Mguu wa kulia ukalishika, ukaliachia kidogo, ukalishika, ukaliachia. Kioo cha kushoto, kioo cha kulia. Ivana, pembeni yake, aliliona bonde lote chini ya dirisha lake, akafumba macho, kisha akayafumbua, kwa sababu hakutaka kukosa. Penye kona Bortolo aliuzungusha usukani mpaka mwisho. Mkia wa basi ukapita juu ya uwazi, tairi la nyuma likitambaa nusu shubiri kutoka ukingoni, kisha likaingia taratibu kwenye upana wa kona na kusimama pembeni, sambamba na ukuta, njia nyeupe.

Yale magari mawili yakashuka, yakasimama nyuma yake.

Bortolo hakukaa kupokea pongezi. Alichukua fimbo, akaupanda ule mteremko kwa miguu, hatua kwa hatua, mpaka kwa Mholanzi aliyekuwa mweupe kama chokaa.

Alimwambia, kwa Kijerumani chake cha kuokota barabarani, "Usinitazame mimi, tazama kioo. Usukani wako, macho yangu. Kushoto wote. Rudi. Rudi bado. Una nafasi ya kutosha kucheza dansi. Simama! Sasa kulia wote, na uteremke kama unaenda kanisani."

Mara mbili tu, na lile gari likanyooka. Mke wa Mholanzi, aliyekuwa amesimama barabarani akilia, alimkumbatia Bortolo karibu amwangushe. Pikipiki zikanguruma zote kwa pamoja, na watu wa magari wakapiga makofi, na yule wa kofia nyekundu akaivua kofia yake na kuinamisha kichwa.

Fausto alikuwa akimsubiri mlangoni mwa basi. Alimfungulia.

"Shemeji," alisema, "ile mimi nisingeweza. Hata kwa miguu mitatu."

"Najua," Bortolo alisema, akapanda. "Funga mkanda."

Kileleni kulikuwa na upepo wa barafu na jua kali kwa pamoja. Walikula soseji na kabichi chachu ndani ya mkate, wamesimama, mchuzi ukiwachuruzika vidoleni, na Bortolo alikula mbili, akaagiza ya tatu. Kisha akateremka upande wa pili kwa gia nzito, injini ikilishika gari, breki zikibaki baridi. Kabla ya kufika chini Ivana alikuwa amelala, mdomo wazi.

Elda alitoka nje kwa aproni baada ya kusikia mngurumo mlangoni. Aliliona lile basi jeupe, akashika kiuno.

"Jamani, mmekodi dereva? Si mngeniambia, nikapika zaidi! Yuko wapi nimkaribishe?"

Mlango wa dereva ukafunguka. Kwanza ikatoka fimbo, kisha mguu wa bandia, kisha Bortolo mwenyewe, kifua mbele.

"Huyu hapa," alisema. "Na ana njaa."