Herufi Moja ya Bi Sikitu

Nasinzia mchana kweupe, nimeshiba wali maharage, shavu langu juu ya prufu, kurasa za kusahihishwa kabla ya kuchapa, za riwaya ya mwisho ya marehemu Bi Sikitu Mwakalonge, na kalamu nyekundu ingali mkononi. Si uvivu, msinicheke. Baridi ya Julai huku kwetu milimani ina usingizi wake, na sweta niliyovaa inauongeza. Tena nasinzia na hasira. Bwana Kimambo wa kiwandani, anayesubiri kuchapa, atanipigia simu alasiri aulize sentensi ya mwisho ibaki vipi, maana kosa nimelikuta hapohapo, kwenye mlango wa kutokea. Riwaya nzima mama mmoja anamfumia sweta mwanawe aliyekwenda migodini. Mwana anafia huko, mkamwana anarudi peke yake na kichanga mgongoni, na mama anavuta kiti uani, anaiweka ile sweta mapajani, kisha, imeandikwa, akaanza kuifumua. Kuifumua! Mama aliyesubiri kurasa zote hizo abomoe kazi ya mikono yake? Bi Sikitu hakuwahi kutukatisha tamaa hata siku moja, na mtu aliyenifundisha kupenda vitabu siwezi kumwacha aende na kosa la chapa. Nimeizungushia ile u ya mwisho kitanzi chekundu ili itoke, ibaki kuifuma. Herufi moja tu. Naitazama, kitanzi kinapanuka, kinakuwa mlango, nami naingia.

Ndani kuna barabara nyeupe kama pambizo la ukurasa, na kila nikifika mwisho wake inapinda na kuanza upya. Nyumba zimepangana huku na huku, vibao vya milangoni vimeandikwa kinyumenyume, kama maneno yanayosomwa kwenye kioo. Kiongozi ananisubiri. Hana uso, mahali pa uso kuna weupe mtupu, karatasi isiyochapwa. Namwamkia, haitikii. Anasema, kitendawili. Nami kwa mazoea ya utotoni najibu, tega. Anasema, nakibomoa kisipotee. Namwambia mimi mtu mzima, nina kazi, namtafuta Bi Sikitu nimweleze juu ya herufi yake. Anatangulia, na mimi namfuata, kwani nitafanyaje.

Kumbe huu ndio mji wa waandishi, na loo, nawajua wote kwa kazi zao. Yule dirishani ni Mzee Chilongola, aliyekuwa karani wa reli maisha yake yote, na riwaya zake zile nene aliziandika alfajiri, wima, kwa kuwa akikaa tu usingizi unambeba. Hata hapa amesimama. Anayefuata ni Bi Nuru Shembago. Muswada wake wa kwanza ulirudishwa na kurudishwa mpaka ukachakaa pembe, na kila uliporudi aliuandika upya wote, na leo wanafunzi wanaufanyia mtihani. Anapepeta mchele, na midomo yake inawasemesha wahusika, kila mmoja kwa sauti yake. Nataka kuingia niwaambie asanteni, ni ninyi mlionilea, lakini barabara inapinda, na nyumba nilizoziacha nyuma nazikuta tena mbele, na Mzee Chilongola sasa ni kijana mwenye nywele nyeusi, anaandika mstari, anaufuta, anauandika, anaufuta. Nalia. Sioni haya kusema, nalia kwa kuwapenda. Namuuliza kiongozi mbona wanafuta kuliko wanavyoandika. Anajibu kwamba mwenye uzi mmoja hashoni nguo mbili kwa mpigo. Namwambia wewe ungefaa sana kuwa mhakiki.

Anasimama kwenye mlango usio na kibao, ananiachia nipite. Uani ameketi Bi Sikitu mwenyewe, miwani imeshuka puani, sweta kubwa ya kiume mapajani, na anaifumua. Shikamoo mama, nasema. Marahaba, wewe ndiye mhariri? Ndimi. Basi nyoosha mikono unishikie uzi. Nanyoosha, ananizungushia sufu nyekundu viganjani, ya mawimbimawimbi kwa kukaa sana kwenye mafundo. Namweleza kosa kwa adabu zote, nasema wasomaji watavunjika moyo, mama anayefumua amekata tamaa. Haniachi nimalize. Anauliza kwetu tulizaliwa wangapi, nasema wengi, mimi ndiye kitindamimba. Anauliza, na utotoni sweta ulivaa ya nani?

Najibu haraka kwamba niliyovaa ilikuwa yangu, aliifuma mama. Halafu namwona mama yangu. Ana sweta ya kaka mkubwa iliyokwisha kumbana, anaifumua kuanzia shingoni, sufu anailoweka maji moto, anaitundika na jiwe chini yake ili inyooke, na mimi namzunguka nikiuliza yangu itakwisha lini.

Mama yako alikuwa amekata tamaa? anauliza Bi Sikitu. Anasema vitabu vyake vyote vilitoka hivyohivyo. Kile cha kwanza mlichokisifu alikifumua ili kije cha pili, na cha pili ili kije cha tatu, maana uzi aliopewa ulikuwa huohuo mmoja. Anavuta tena, mafundo yanaachia moja baada ya jingine. Kichanga nimemleta mlangoni kwa makusudi, anasema, wewe umemruka kwa haraka zako. Usinitolee hiyo u, mwanangu. Mtoto ana baridi.

Nainua shavu. Prufu hizi hapa, kitanzi hiki hapa, na kwenye mkono wa sweta yangu uzi mwekundu umeachia, unaning'inia mpaka juu ya karatasi. Simu inalia. Ni Bwana Kimambo, mtu wa haraka-haraka, asiyejua utani wala mzaha. Namwambia u ibaki, kuifumua, chapa hivyohivyo. Kisha sauti, sijui ni yake, inasema, kitendawili.

Naushika ule uzi kwa vidole viwili.

Tega, namjibu.