Doa la Joto Paani

Doa lilitokea tena kwenye skrini, nami nikapandwa na hasira papo hapo. Darubini yetu hapa Ncha ya Kusini inanasa mwanga wa kale zaidi kuliko nyota zote na kupima mawimbi yake yameegemea upande gani. Mwanga huo ni hafifu mno. Mtu akipita karibu, joto la mwili wake linauvuruga. Na sasa kitu cha moto kilikuwa kikienda na kurudi paani.

Nikavaa makoti yangu yote, nikapanda ngazi huku natukana.

"Wewe Wendell! Una wazimu?"

Alikuwa akizunguka nyuma ya ukuta wa bati unaoikinga darubini, ndevu zimeganda barafu. Wendell ni mwenzangu wa zamu. Mkewe, Marit, yuko kwao Duluth, na mimba ilikuwa haijatimia. Ujumbe wa mwisho kabla setelaiti ya mawasiliano haijazama chini ya upeo ulisema anavuja damu, wanamwingiza chumba cha upasuaji. Basi, kimya. Ndege haiji mpaka giza hili la miezi sita liishe, na simu ya akiba ilikuwa imegoma.

"Shuka! Unatuharibia kazi."

"Nishuke niende wapi, Ilka? Nikikaa chini naona kuta zinanibana."

"Kunywa chai."

"Nimekunywa mpaka tumbo linacheza. Hapa angalau natazama upande setelaiti itakapotokea."

"Kwani ukiikodolea macho itawahi?"

"Haiwahi, najua. Niache tu, dada."

Sauti ikamkatika. Hasira ikaniisha, nikamwonea huruma. Sasa, mimi nilikuwa sijawahi kuisimamisha darubini ile, hata kwenye karamu ya katikati ya baridi, wenzangu wakigonga mlango na kuniita mchawi. Nikashuka, nikaisimamisha, nikarudi.

"Haya, tembea. Nimeizima."

"Umefanya nini?"

"Umesikia. Tembea bwana, kabla vidole havijakatika."

Tukazunguka pamoja, yeye mbele, mimi nyuma, hadi miguu ikafa ganzi.

Setelaiti ilipochomoza tukakimbilia kompyuta. Hakukuwa na neno hata moja, ila picha, nayo ikifunguka mstari kwa mstari kutoka juu. Ukaja uso wa Marit, umechoka, anaangalia chini.

"Yu hai," Wendell akasema. "Yu hai, Ilka!"

Zikafuata nywele za mtoto, zimelowa. Paji la uso. Macho, yamefumbwa. Picha ikakwama.

Akanishika mkono, akaubana hadi ukauma. "Mbona amefumba macho? Mbona mama yake hacheki?"

Nikaigonga meza kwa ngumi, kana kwamba inasaidia. Picha ikasogea kidogo: pua. Ikasogea tena, ukatokea mdomo, uko wazi mpaka kooni, ufizi mtupu, analia kwa nguvu zake zote.