Bega la Nyumba ya Venant

Kule Cimpunda, juu kabisa ya kilima, kuna avenue, mutaa mumoja mwembamba, ambayo gari haijawahi kuifikia, na pikipiki ikijaribu inarudishwa na matope. Nyumba zimekaa moja juu ya kichwa cha nyingine, na njia yenyewe ni ngazi ya mifuko iliyojazwa udongo. Mutu akigonjwa kule, ao mwanamuke akishikwa na uchungu wa kuzaa, anashushwa kwa kipoyi: miti miwili mirefu ya mwanzi, turubai katikati, wanaume wane chini yake, mpaka kwenye barabara ya lami. Kipoyi kinalala kwa Edouard, shefu wa avenue, nyuma ya mulango wake.

Kila nyumba inatoa bega moja. Nyumba isiyotoa bega, siku yake ikifika, itajitafutia namna ya kushuka. Mwenye mugonjwa habebi. Yeye anafuata nyuma na kifuko cha nguo, kwa sababu macho yenye machozi hayaoni ngazi. Na mubebaji akichoka anasema neno moja tu, "Pokea." Yule anayetembea pembeni yake anaingiza bega, na safari haisimami hata kidogo. Hakuna haya ndani yake. Njia ni ndefu, kila mutu anasema pokea.

Kila mutu, isipokuwa Venant.

Venant alikuwa fundi wa kujenga kuta za mawe, zile zinazozuia kilima kisiingie ndani ya nyumba za watu. Miaka kumi na moja alibeba mbele, upande wa kuume, pale uzito wote unapokimbilia wakati wa kushuka, na hakuna aliyewahi kumusikia akisema neno lile. Watoto walimupa jina, Papa Bila-Pokea, nalo lilimupendeza kuliko lile la ubatizo.

Nyumbani kwake walikuwa bibi yake Yolande, mabinti wao watatu, mukubwa wao Lucie mwenye miaka kumi na tatu, na mama yake muzazi, Nabintu, ambaye miguu ilimukatalia zamani. Mwanamume mwingine hakuna, na bega la binti halihesabiwi. Basi Venant alijua vizuri: siku mama yake atakapozidiwa, atashuka juu ya bega hili ama hatashuka. Alikuwa amekwisha kuona. Mwaka uliopita mujane mumoja wa pale chini, ambaye kijana wake alienda kwenye machimbo na hakutuma hata mutu wa kubeba mahali pake, alishuka mugongoni mwa binti yake, miguu inaburuta kwenye mifuko. Watu walisimama milangoni wakaangalia. Venant naye alisimama mulangoni akaangalia.

Ilianza baada ya Pasaka. Asubuhi Venant aliamka kama mutu aliyepigwa usiku kucha na watu asiowajua. Vidole vilikuwa vimevimba, havikunjiki mpaka jua lipande, na kikombe cha chai alikishika kwa viganja viwili kama mutoto. Halafu uchovu. Uchovu wa kazi aliufahamu: unakuja jioni, unaupa bugali, unaulaza, kesho umeenda. Huu mwingine aliamka nao, akavaa nao viatu.

Hakufikiri kwamba ni ugonjwa. Aliona ugonjwa ni wa watu wanaokaa, wa ofisini, wenye tumbo. Yeye alibeba mawe siku sita, na Jumapili kabla ya misa alikimbia na kundi la mazoezi la Déogratias, mwalimu wao wa mbio, wakiimba, kutoka Kadutu mpaka mujini na kurudi. Mwili kama huu unauma kwa sababu gani? Déogratias alimujibu bila kusita kwamba jasho ndilo linatoa uchafu wa damu. Lisipotoka linakaa kwenye viungo na kuuma. Venant akaongeza mbio, Jumatano pia. Maumivu yakakimbia naye, yakafika mbele yake, yakamungojea nyumbani.

Ndipo alipoenda kwa Ghislaine, mwenye duka la dawa pale pembeni, ambaye alikuwa na sindano kwa kila kitu. Ile sindano ilimufanya kijana kwa siku mbili. Siku ya tatu alikuwa muzee kuliko mama yake, akarudi kwa Ghislaine.

Mwezi wa nane Yolande alimukokota mpaka kwenye kituo cha afya. Infirmier, muuguzi wa pale, alimutoa damu, akatafuta malaria, hakuna. Akamuminya vidole kimoja kimoja huku akimuangalia usoni, kisha akamueleza kwamba ni kama damu yake mwenyewe inapigana na viungo vyake, na kwamba inafaa aende hospitali kubwa wamuangalie vizuri. Wakati wa kungoja, apumuzike: kukimbia hapana, mawe hapana, mizigo hapana. Akaandika karatasi, akapiga muhuri.

Venant aliikunja ile karatasi mara nne, akaificha ndani ya kitabu cha misa, akamuomba Yolande asiseme. Kupumuzika ni sawa. Lakini bega la nyumba nani atalitoa? Yolande alilia kidogo, akakubali. Toka siku ile kila asubuhi alimupakaa mawese ya moto kwenye magoti, mulango ukiwa umefungwa.

Mama Nabintu hakuambiwa kitu. Lakini alikuwa mutu wa vitendawili, na jioni moja, sahani zikiwa bado chini, aliwategea wajukuu:

"Mugeni wangu hakubisha hodi. Asubuhi ananivalisha, jioni ananivua, na wanaokula nami sahani moja hawajamuona hata siku moja."

Lucie akajibu kivuli. Akaambiwa kivuli kinaonekana mpaka na mbuzi. Mudogo akasema chawa, wakacheka wote. Yolande hakujaribu, alianza kukusanya sahani. Walishindwa, wakamupa koko wao Nabintu muji wa kwenda kula raha ili awape jibu. Walimupa Luvungi na muchele wake wote, akasema kule kuna joto. Walimupa Lwiro na baridi yake nzuri, akakataa pia.

"Sitaki muji," akasema. "Jibu liko na baba yenu. Mumuombe yeye."

Venant alicheka, akasema yeye vitendawili vilimushinda tangu shule. Watoto walipoenda kuosha vyombo, muzee akamuita karibu na mukeka, akamushika mukono, akaugeuza kama mutu anayechagua kiazi sokoni.

"Venant. Hivi vidole viko nasema nini?"

"Vinasema kazi, mama."

"Kazi haivimbishake mutu akilala."

Venant aliangalia kwanza kama watoto wako mbali. Kisha akasema kile kilichokuwa ndani ya roho yake tangu Pasaka: "Nikiacha kipoyi, mama, wewe utashuka na nini?"

"Mimi nilishashuka na kupanda vya kutosha," Nabintu akasema, lakini hakuuachilia ule mukono.

Mwezi wa kumi na moja mvua ilinyesha usiku wote, na asubuhi filimbi ya Edouard, ile ya kuita wabebaji, ikalia. Alikuwa Carine, bibi ya Steve, jirani wa ukuta mumoja. Mimba ya kwanza. Uchungu ulianza jana muchana, na mukunga wa avenue alikuwa amekwisha kutikisa kichwa.

Siku ile mukono wa kuume wa Venant haukukunjika hata kidogo. Yolande alisimama mbele ya mulango, akamuomba amutume Lucie kwa Edouard amuambie ukweli. Gentil, mubebaji wa pembeni yake, yuko, vijana wengine wako. Venant hakubishana. Alipasua kitambaa kirefu kutoka kwenye kitenge cha zamani, akakifunga kwenye kifundo cha mukono, akakificha ndani ya mukono wa koti. Alikuwa amefikiri vizuri, kama fundi. Mukono ukifungwa kwenye muti, vidole havina kazi tena. Bega litabeba, kitambaa kitashika.

Wakati wengine walipokuwa wanamulaza Carine kwenye turubai, yeye aliinama mbele, akazungusha kitambaa kwenye muti, akakaza fundo kwa meno. Hakuna aliyeona.

Wakaanza kushuka. Edouard alikuwa mbele akionyesha ngazi zenye utelezi, Steve nyuma na kifuko, na Gentil pembeni ya Venant, akingoja neno ambalo alijua halitakuja. Gentil ni mutu wa mudomo.

"Papa Bila-Pokea, leo unatembea sawa na bibi arusi. Ni viatu?"

"Wewe kama unabebaka mutoto wa watu, unakimbia?"

Hata Carine alicheka kidogo, kisha uchungu ukamurudia akashika turubai kwa mikono miwili.

Walipita bomba la maji, pale wengine wote wanapobadilishana. Nyuma walibadilishana. Kushoto walibadilishana. Jasho la Venant lilikuwa linaingia machoni, na ndani ya goti lake la kuume kulikuwa na kitu kama changarawe. Gentil alimuangalia, akaacha mizaha.

"Leta, nipokee."

"Bado."

"Papa Venant, leta."

"Nimesema bado."

Mbele ya bomba njia inapinda juu ya mufereji, ngazi kumi na mbili za mifuko iliyopasuka. Alishuka sita. Ya saba, goti likazimika. Hakuteleza, kila mutu alisema baadaye kwamba hakuteleza. Goti lilizimika tu kama taa courant inapokatika, na hapo, kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na moja, Venant akasema:

"Pokea."

Gentil alikuwa tayari. Aliingiza bega, akauvuta muti. Muti haukuja. Akauvuta tena kwa nguvu zote, na pamoja na muti ukaja mukono wa Venant, na nyuma ya mukono Venant muzima, uzito wake wote ukining'inia pale mbele. Kipoyi kikainama upande. Carine akaanguka ndani ya mufereji kwa ubavu, mikono yake ikiwa kwenye tumbo.

Walimutoa majini, Edouard akakata kitambaa kwa kisu cha mufukoni, akakiangalia, akakitia mufukoni, wakaenda. Venant alibaki amekaa juu ya mufuko wa udongo, matope mpaka kifuani. Aliona mugongo wa Steve ukishuka, na kifuko.

Carine alipona. Mutoto alitoka bila kulia. Munganga alimuambia Steve kwamba mutoto alikuwa amechoka sana, labda tangu usiku, labda kabla ya kuanguka, labda hapana. Hakuna aliyeweza kusema, na hakuna atakayeweza. Walimuzika mwanamume mudogo yule kwenye sanduku ambalo Steve alilibeba peke yake chini ya kwapa.

Jumapili ya pili, baada ya misa, avenue ilikutana kwa Edouard. Edouard alitoa kile kitambaa, akakiweka juu ya meza. Venant alifungua kitabu cha misa, akatoa karatasi, akaiweka pembeni yake. Edouard aliisoma kwa sauti mpaka tarehe. Watu walihesabu miezi kimya kimya.

Steve hakuwa amekaa. Alisema polepole, kama mutu anayeuliza njia:

"Neno moja tu, papa Venant. Kila mutu analisemaka. Wewe lilikushinda nini?"

"Nyumba yangu haina bega lingine," Venant akasema. "Niliogopa kwa ajili ya mama."

Edouard alipandisha sauti kidogo, akaeleza kwamba sheria iliwekwa kwa ajili ya wanaokataa, si kwa wagonjwa. Nani alimuambia kwamba mama yake ataachwa? Hakuna aliyetaja mujane wa mwaka uliopita. Lakini Venant aliwaangalia mumoja mumoja, akaona kwamba wote wanamukumbuka, na kwamba Edouard mwenyewe anamukumbuka, kwa sababu alikichukua kile kitambaa akaanza kukikunja, akakikunja mpaka kikawa kidogo kama kidole.

Hawakumufukuza. Hawakumusamehe pia. Jina la Papa Bila-Pokea lilikufa bila mutu kulizika; watoto waliacha tu kuliita.

Yolande alimukataza kwenda kwa Ghislaine, na bila sindano mwili ulisema ukweli wote. Kabla ya Noeli Venant hakuweza kuamka kitandani. Asubuhi moja alisikia filimbi ya Edouard, akajiuliza ni nani, akafikiri nani ana mimba, nani ana muzee. Filimbi ikakaribia. Ikasimama mulangoni kwake.

Alisema atatembea. Hakuna aliyebishana naye, walimuinua tu. Mama Nabintu alikuwa mukekani, na Lucie aliinama kumuambia sikioni kwamba sasa anajua jibu la kitendawili. "Ningependa usilijue," koko akamujibu.

Yolande alifuata nyuma na kifuko. Venant, chali kwenye turubai, aliona mbingu nyeupe na paa za mabati zikipita, na kuume, mbele, shingo ya mutu. Alihitaji muda kuitambua. Ilikuwa ya Steve.

Steve ni kijana, alipumua vizuri, hatua zake hazikutikisika. Walipita bomba la maji. Njia ikapinda. Venant alifumba macho, kwa sababu alijua hesabu: moja, mbili, tatu. Kwenye ngazi ya sita sauti ya Steve ikasema, bila uchovu wowote ndani yake:

"Pokea."

Gentil akaingiza bega. Ilichukua muda wa kumeza mate. Kipoyi hakikutikisika, na ngazi ya saba ikapita chini yao kama zile nyingine.

Steve sasa alikuwa anatembea pembeni, karibu na mukono wa Venant, akiangalia mbele tu. Venant alijaribu kushika ukingo wa turubai. Vidole vilibaki wazi.