Ndoo Iliyokataliwa Mara Mbili

Ndoo yao ya maziwa ilikuwa imekataliwa mara mbili, na kwenye kituo cha kukusanyia maziwa kila mtu alijua ya tatu ni kufutwa jina. Nyumba nzima ilikula kwa ndoo hiyo.

"Yametiwa maji," mpimaji alisema mara zote mbili, huku kile kipimo chake cha kioo kikizama kwenye maziwa hadi kupita mstari.

Mama Mapacha alikuwa anakamua kwa mikono yake. Anayebeba ni wifi yake, dada wa mumewe, aliyerudi nyumbani baada ya ndoa kumshinda. Sasa hapo kuna la kuuliza? Mama Mapacha akaanza kumvizia. Wifi akienda uani, anatega sikio. Akicheka peke yake, anajiuliza anamcheka nani.

Asubuhi ya tatu akasema, "Leo nabeba mimi."

"Beba, wifi. Shingo ni yako."

Njia nzima alishika mfuniko. Jua la saa mbili lilichoma kama la mchana. Akapita mfereji ambamo zamani walikuwa wanailaza ndoo kwanza, maziwa yapoe. Mwaka huu ni vumbi na mawe.

Kituoni, kipimo kikazama.

"Maji," mpimaji akasema, akachukua kalamu.

Mama Mapacha akaivuta ndoo kwake. Nyuma yake mtu akaguna. Wifi, kamfuata kimyakimya.

"Kumbe ni wewe," wifi akasema. "Tangu juzi nakushuku."

"Unishuku mimi? Na mimi nakushuku wewe."

"Maji ya kunywa yenyewe tunagombania, ya kutia humu nitayatoa wapi?" Akaigusa ndoo, akautoa mkono. "Mbona ya moto hivi?"

Wakatazamana.

"Mfereji," Mama Mapacha akasema taratibu.

Wifi akamgeukia mpimaji. "Kaka, haya hayajapoa, na maziwa ya moto huwa mepesi. Yapoe, upime tena."

"Foleni ikiisha nafunga."

Wifi akavua mtandio, akaizungushia ndoo, akaumwagia chupa yao ya maji ya kunywa, yote. Wakaiweka kivulini, penye upepo. Mama Mapacha akatazama matone yakinywewa na ardhi, akameza mate.

Foleni ilipoisha, mpimaji akapima. Kipimo kikayumba, kikasimama mstarini. Akakiinamia, kisha akawatazama kama wamemchezea kiinimacho.

"Leo yamepita. Kesho nawasubiri."

Njiani, koo limemkauka, Mama Mapacha akauliza, "Kesho maji tutayatoa wapi, wifi?"

"Usiniulize kwa jicho hilo," wifi akasema, akampokea ndoo.