Hotuba ya Mwaka Jana

Ukumbi ulinyamaza kabla Balozi hajamaliza sentensi, na Mcheshi, aliyeketi nyuma yake, akajua papo hapo kwamba kimya kile kilikuwa kosa lake.

"Tunamshukuru bibi huyu aliyenusurika bomu la nyuklia," Balozi alikuwa akisoma, "ambaye leo tena yuko nasi." Akainua uso kumtafuta. Penye viti vya manusura walioalikwa kutoa ushahidi aliketi mwanamke wa makamo aliyevaa nguo nyeusi. Bibi alikuwa amefariki miezi mitatu iliyopita. Yule alikuwa binti yake.

Mcheshi ni jina alilopewa ofisini, maana mdomo wake haukuwa na breki. Nchi yao haikuwa na bomu hata moja. Yeye alizoea kusema kwamba silaha yao nzito kuliko zote ni stepla, nayo imekwama. Kila mwaka walipewa dakika tano za kuyasihi mataifa makubwa yatie saini mkataba wa kupiga marufuku silaha za nyuklia. Na kwa miaka minne hotuba hiyo aliiandika yeye: alifungua ya mwaka uliopita, akabadili tarehe, akaenda kunywa chai. Wenye mabomu hawasikilizi, aliwaambia wenzake, sasa ajichoshe kwa ajili ya nani? Wakacheka mpaka basi. Safari hii alimkabidhi Balozi karatasi mlangoni, wino haujapoa.

Balozi, mama mtu mzima, hakubabaika. Aliomba radhi, akasema kosa ni lake, akamalizia dakika zake kwa sauti iliyopwaya. Aliporudi hakumkaripia. "Nenda kamwone, mwanangu," alisema tu, akimrudishia karatasi bila kumtazama. Afadhali angemtukana.

Mcheshi akapita katikati ya wajumbe mpaka kwa yule binti. Kabla hajafungua kinywa, binti akawa wa kwanza kusema. Alimwomba nakala ya hotuba. Mama yake, alieleza, alizihifadhi hotuba zao zote kwenye faili, na siku za mwisho alitaka asomewe hizo tu.

"Alisema nchi yenu ni ndogo lakini haiyumbi," akasema. "Kila mwaka neno lilelile, bila kuchoka."

Mcheshi angeweza kumpa karatasi akanyamaza, nani angejua? Alitafuta mzaha wa kujifichia, asiuone.

"Dada, ule haukuwa msimamo," alisema. "Nilikuwa nanakili. Ni uvivu wangu."

Kule mbele mjumbe wa nchi nyingine alikwisha kuanza kusoma.

"Na mimi ndiye niliyekuwa namsomea hizo nakala," binti akasema polepole.

Mcheshi aliikata kwa kalamu ile sentensi ya kumshukuru bibi, kisha akaigeuza karatasi upande usioandikwa kitu.

"Kesho tuna dakika mbili za nyongeza," alisema. "Nisimulie. Alikuwa mtu wa namna gani?"

Binti aliutazama ule weupe wa karatasi, akamtazama na yeye. Kisha akaondoa koti lake kwenye kiti cha pembeni, kumpa nafasi ya kukaa.